Laini ya Asmahani

Sehemu ya sita

Pikipiki ilikwisha ipita Pongwe ndipo nilipokumbuka kuwa sikumuaga mtu. Si jambo geni kwangu. Nimeondoka mahali pengi maishani, na kuaga sikuwahi kujifunza.

Ndani ya koti nilibeba bahasha ya kaki aliyonipa Mudathir asubuhi ile, imepakwa gundi mpaka pembeni.

"Mpe mwalimu mkononi," alisema. "Asaini, urudi nayo. Usiifungue."

Sikuifungua. Katika yote niliyoyafanya mwaka ule, kutofungua bahasha ile ndiko nilikokuita uaminifu.

Kwa aliyepitwa na wiki zilizopita, mimi ni Masoud, mtu wa Tongoni kwa kuzaliwa na wa popote kwa kuishi. Nimekata mkonge, nimepika melini, nimegawa karata miaka tisa katika nyumba ya kamari Mombasa. Uzeeni nilirudi Tanga mikono mitupu. Mudathir akaniajiri kwenye mtandao wake wa poka, vyumba viwili vya ghorofani pale Chumbageni. Watu walicheza kwa simu zao, kutoka Pangani hadi Lushoto, na pesa ilikuwa pesa kweli.

Kazi yangu ya wazi ilikuwa kujibu malalamiko ya wachezaji. Ya siri ilikuwa kuwaibia hao hao.

Mudathir alinipa vioo viwili vya kompyuta. Kioo cha kwanza kilionyesha meza kama kila mchezaji anavyoiona, karata za wenziwe zimefunikwa. Cha pili kilizionyesha zote, wazi. Nikakaa mezani kwa jina la Anjela, binti wa miaka ishirini na miwili, mwenye picha ya ua. Nikawala watu.

"Kwa nini mimi?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Kijana ukimpa kioo hiki atakomba meza yote siku moja, tujulikane," alisema. "Wewe mzee unajua kula kwa adabu."

Mtu akilalamika kuwa Anjela si bure, lalamiko lilikuja kwangu. Nilikaa nalo siku mbili ili ionekane kazi imefanyika, kisha nikamjibu: Tumechunguza kwa kina na hatukuona kasoro yoyote. Mwizi mimi, mpelelezi mimi, hakimu mimi.

Aliyelalamika kuliko wote ni Timotheo, mwalimu wa hesabu wa sekondari, aliyestaafu kwa hiari yake na kuhamia kwenye biashara ya machungwa pale Muheza. Huyo ndiye niliyekuwa naenda kwake.

Kuna mtu mmoja zaidi. Kila akaunti ilitaka laini ya simu, na laini haisajiliwi bila alama ya kidole. Vidole vyangu vililiwa na mkonge zamani, vimekuwa laini kama sabuni, mashine haisomi kitu. Nikamwendea Asmahani, binti wa jirani yangu Mwatumu. Alikuwa karani pale pale ofisini, na kazi ile nilimtafutia mimi.

"Kidole tu, mjomba?" akacheka. "Chukua na mkono mzima."

Akasajili laini kwa jina lake, akanikabidhi, akarudi kwenye mafaili yake. Hakuuliza ya nini. Pesa zote za Anjela zilipita kwenye laini ile.

Timotheo nilimkuta uani kwake, nyuma ya soko, anachambua machungwa, mazuri tenga hili na yaliyogongwa tenga lile. Alinyanyuka aliponiona.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu."

Akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida. Kisha akanisogezea kiti.

"Umetoka kwenye kampuni?"

"Nimetoka huko. Mimi tarishi tu."

Akaingia ndani, akarudi na daftari la shule lenye jalada la bluu.

"Kaa nikufundishe," akasema. "Huyu Anjela nimecheza naye siku kumi na nane, na kila mkono wa karata nimeuandika. Nikiwa na karata mbovu nikamtisha kwa dau kubwa, ananifuata. Nikiwa na karata nzuri nikajikunyata, anatupa zake anaondoka. Kila mara, mzee. Hajakosea hata mara moja, hata kwa bahati mbaya."

"Pengine ana bahati."

"Bahati nimeifundisha miaka thelathini. Ina hesabu zake. Hii haimo."

Nikasema pengine binti ni mjanja. Nilisema hivyo nikitazama machungwa.

"Haya, na hili?" Akafunua ukurasa mwingine. "Siku moja niliandika pale mezani, kwa mzaha, 'Shikamooni wakubwa.' Tulikuwa watu sita. Wengine wote kimya. Anjela akajibu, 'Marahaba mwanangu.'"

Niliikumbuka siku ile. Shikamoo ikitolewa mbele yangu mdomo hujibu wenyewe, na siku ile vidole vilifuata mdomo. Nilipotaka kuyafuta maneno, yalikwisha onwa na meza nzima.

"Wewe mtu wa pwani," Timotheo akasema. "Niambie. Binti wa miaka ishirini na miwili anaitikia marahaba?"

"Watoto wa siku hizi wana utani."

"Mwenye utani angeandika vicheko. Huyu kaitikia kabla hajawaza. Anayeitikia hivyo amekuwa akiamkiwa miaka na miaka." Akafunga daftari. "Nami nimekuamkia sasa hivi, hapa hapa uani, ukaniitikia neno kwa neno."

Nikayatazama tena machungwa. Timotheo alikuwa mwalimu, alijua kusubiri.

"Ni wewe, mzee?"

"Wallahi si mimi."

Lilinitoka kama lilivyonitoka. Sikuapa hivyo nilipokuwa melini tukidhani tunazama. Niliapa uani kwa mtu niliyemla siku kumi na nane.

Timotheo ni mzee wa kanisa pale kwao, Mlutheri aliyeteremka kutoka milimani. Aliinamisha kichwa.

"Umeapa," akasema. "Sisi hatuchezei kiapo, na najua nanyi hamkichezei. Basi yamekwisha. Nisamehe, nimekudhania vibaya."

Akachagua chungwa kutoka lile tenga la mazuri, akanimenyea kwa kisu, akanipa. Mimi ndiye niliyeombwa radhi. Na chungwa nililila lote, maana kuliacha kungekuwa kama kusema kitu.

"Basi atakuwa yule binti kweli," akasema.

"Binti gani?"

"Mwenye jina kwenye simu. Asmahani."

Akafuta kisu, akaendelea.

"Mwezi uliopita niliandika pale mezani kuwa pesa niliyochezea ilikuwa ya dawa za mke wangu. Ujinga wangu, najua. Kesho yake laini nisiyoijua ikanitumia pesa ya dawa. Ujumbe ukaja na jina la mwenye laini, Asmahani. Habari ya dawa hakuijua mtu ila waliokuwa mezani. Juzi nimepeleka namba polisi Tanga. Leo asubuhi wamenipigia kuwa wamekwenda kumchukua."

Hiyo ndiyo huruma yangu mimi Masoud. Nilimwibia mtu kwa laini ya mtoto wa watu, kisha nikamwonea huruma kwa laini ile ile. Nilipotuma pesa zile nililala vizuri. Nilijiona bado nina utu.

Timotheo akaipasua bahasha. Ndani kulikuwa na noti na karatasi yenye muhuri. Akasoma kwa sauti, kama mtu anayesomea darasa:

"Kampuni imebaini kuwa mtumishi wake Asmahani alitumia nafasi yake kuona karata za wachezaji, akifanya hivyo peke yake bila uongozi kujua. Ameachishwa kazi. Mteja akipokea fidia hii amekubali kuwa hana dai lingine."

Akaisoma tena kimya kimya.

"Kumbe mnajua," akasema. "Mbona mara nne mmenijibu kwamba hamkuona kasoro? Aliyekuwa anajibu ni nani?"

"Sijui."

"Huyo naye angeitwa."

Hakusaini. Noti alinirudishia zote, hakuzihesabu hata. Karatasi akaikunja na kuiweka ndani ya daftari. "Hii naipeleka polisi leo leo. Inamtaja."

Nikawa nimemletea, kwa mkono wangu, kamba ya kumfungia Asmahani. Nikatoka hadi mbele ya soko, nikampigia Mudathir.

"Umemwandika mtoto," nikamwambia.

"Mzee Masoud, laini ina jina la nani?"

"Lake."

"Pesa ziliingia wapi?"

"Humo humo."

"Sasa nimeandika uongo gani?"

"Yule hata karata hazijui. Ukimpa kopa atakuuliza ndiyo nini."

"Atawaeleza hivyo hivyo, watamwachia. Binti mdogo, hana baya, ana mama wa kumlilia. Wewe una nini? Miaka sabini na sita. Ukiingia ndani utatoka na nani? Nenda zako Mombasa, kule umezoea. Umeishi kwa kuondoka, mzee wangu. Ondoka mara moja zaidi."

Akakata simu.

Sitawadanganya, nilisimama pale nikalifikiria. Mombasa nilimwacha mke akiwa jikoni. Kwenye mkonge nilimwacha rafiki aende kujibu swali lililokuwa langu. Kuondoka ndiyo kazi pekee niliyoifanya bila kufundishwa. Hata gari la kwenda mpakani nililiona. Nauli nilikuwa nayo mkononi, zile noti za mwalimu.

Sikupanda. Msinisifu. Nilichokiogopa ni sura ya Mwatumu tu, kwamba itanifuata huko.

Na Mwatumu ndiye niliyemkuta Chumbageni, kakaa kwenye ngazi ya ofisi, kanga mbili mabegani kama mtu aliyefiwa.

"Kaka Masoud, mwanangu wamemchukua. Wanasema mwizi wa mtandao. Mwizi gani asiye na viatu vya pili?"

"Nimesikia."

"Wewe ndiye mkubwa hapa. Nimemwambia asihofu, mjomba wake yupo, atakuja kuwaeleza."

"Nakwenda, dada."

"Umekula?"

Nikapanda ngazi. Juu mlango ulikuwa wazi. Nyaya zilining'inia ukutani, meza zimesogezwa, kompyuta hakuna, vioo vyote viwili hakuna. Hata ile leseni iliyokuwa kwenye fremu, ya nchi ambayo sikuwahi kukutana na mtu wake katika bandari zote nilizopita, ilikuwa imeng'olewa pamoja na msumari wake.

Saa kumi nilikuwa polisi, mbele ya askari mpelelezi, kijana mstaarabu aliyenipa kiti kabla sijaomba.

"Nimekuja kujisalimisha," nikamwambia. "Anjela ni mimi. Binti hausiki."

Akatazama simu yangu niliyoiweka mezani, ya vitufe, imefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli ili betri isidondoke.

"Hiyo ndiyo unayochezea poka, mzee?"

"Nilitumia kompyuta ya ofisi."

"Iko wapi?"

"Haipo tena."

"Na hicho kioo cha pili unachokisema?"

"Hakipo."

"Mwenye kampuni?"

"Naye."

"Kwa hiyo umebaki wewe."

"Nimebaki mimi."

Akaweka kalamu chini. "Mzee wangu, kila mwezi anakuja mzee hapa kubeba kosa la mjukuu. Ni huruma, siwalaumu. Lakini binti ana laini, pesa zimepita kwake, na kampuni yake mwenyewe imemwandika. Wewe una nini?"

"Nina ukweli."

"Haya." Akafungua faili. "Mlalamikaji alikuwa hapa saa nane, kaongeza maelezo. Anasema alimdhania mzee mmoja aliyetumwa na kampuni, lakini, nakusomea, 'mzee huyo aliapa mbele yangu kwa jina la Mungu kuwa si yeye, nami nimeamini.' Mzee huyo ni nani?"

"Ni mimi."

"Sasa uliapa uongo asubuhi, au unasema uongo sasa hivi?"

"Asubuhi."

"Nami nitajuaje?"

Aliandika maelezo yangu kwa heshima, kama mtu anayemwandikia babu yake barua, akaniambia nikae nyumbani hadi nitakapoitwa. Nilipomwomba nimwone Asmahani, alikubali, dakika chache, askari akiwa amesimama kando.

"Mjomba, umekuja kunitoa?"

"Nimejaribu."

"Waambie laini nilikupa wewe."

"Nimewaambia. Hawajaamini."

Akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliponipa kidole chake, akauliza.

"Ulikuwa ukiifanyia nini?"

Nikamweleza, yote, kwa sauti ndogo. Sikuacha hata ile huruma ya dawa. Nilidhani atalia, au atanitukana, na kutukanwa ningeshukuru. Akajivuta mtandio tu.

"Mama usimwambie wewe," akasema. "Nitamwambia mwenyewe."

Kesho yake nilirudi Muheza. Timotheo alikuwa pale pale kwenye matenga. Safari hii hakunyanyuka.

"Mwalimu, nimekuja kuitengua ile yamini niliyoapa jana. Anjela ni mimi."

Akaendelea kuchambua. "Jana nilikuuliza mara moja. Ulitaka nikuulize mara ngapi?"

"Wamemweka ndani binti asiye na kosa. Polisi wanashika maelezo yako. Nenda ukawaambie umenisikia."

"Nitawaambia nilichokiona. Nilichokiona ni mzee akiapa." Akatupa chungwa kwenye lile tenga la yaliyogongwa. "Jana kiapo, leo kiapo. Niambie mwenyewe nishike kipi."

"Usishike kiapo. Lete daftari."

Alisita, kisha akalileta. Nikamwambia akae nalo mbali, mimi nisione ndani.

"Humo umeandika karata zako mwenyewe, hata zile ulizozitupa bila kumwonyesha mtu," nikasema. "Hazijui mtu ila wewe. Na aliyekuwa na kioo cha pili. Mimi nimegawa karata miaka tisa, karata nikiiona haitoki kichwani. Fungua unapotaka."

Akafungua. "Siku ya kumi na moja. Mkono wa kwanza."

"Tano ya kopa na tisa ya shupaza. Ulijifanya una kitu, ukaweka dau kubwa."

Akafunua mbele.

"Siku ya nne. Wa mwisho."

"Wafalme wawili. Uliwaficha vizuri, ulisubiri. Mimi nikatupa zangu. Ukaandika mezani, 'Leo Anjela mwoga.'"

Akafunua tena. "Siku ile niliyoamkia."

"Mbili na saba. Karata mbaya kuliko zote. Ulileta utani ili tusikutazame dau lako."

Akafunga daftari. Alikaa kwenye kiti alichonipa mimi jana, na mimi nikabaki nimesimama. Nilidhani atafurahi, maana hesabu yake imetoka sawasawa. Mtu amesumbuka miezi, ameambiwa mara nne haoni vizuri, sasa amethibitika.

"Muda wote ulikuwa ukiniona," akasema.

"Muda wote."

"Na mke wangu alikuwa kaketi ubavuni pangu. Nikimwambia, mama, mkono huu najua, mkono huu anaogopa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Na wewe unaona."

"Naona."

"Kisha unaniandikia hakuna kasoro."

"Ni mimi niliyeandika."

Mkewe akachungulia mlangoni, mama mwembamba, amejifunga kitenge kifuani. "Baba, mgeni hajapewa maji?"

"Si mgeni," Timotheo akasema. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, "Toka uani kwangu."

"Utakwenda kuwaambia?"

"Toka, mzee."

Nikatoka.

Ni miezi mitatu sasa.

Mudathir alivuka mpaka wa Horohoro siku ile ile aliyonituma. Nasikia mtandao upo tena kwa jina jingine, na kuna mtu anajibu malalamiko.

Wachezaji wengine wa meza zile hawajaambiwa lolote. Wao wanajua walicheza vibaya.

Mwatumu aliambiwa na mwanawe. Alinirudishia sufuria yangu aliyoiazima, ameiosha, ameiacha mlangoni. Hatujasemezana tena.

Asmahani alikaa mahabusu siku tisa. Yuko nje kwa dhamana ya mjomba wake wa damu, anaripoti polisi kila Jumatatu. Mchumba wake alituma mshenga kusema wangoje kwanza. Kazi hajapata.

Mke wa Timotheo anaendelea na dawa. Timotheo hachezi tena. Amepewa wito wa kuwa shahidi wa upande wa mashtaka, ameupokea, na hajamwambia mtu atasema nini. Nimemwandikia barua mbili. Daftari analo yeye.

Mimi niko Tongoni, nyumbani kwa dada yangu. Polisi nimekwenda mara tatu, na mara tatu nimeambiwa nisubiri. Sijaitwa.

Kesi inasikilizwa Alhamisi. Nimeiona karatasi yake. Mshitakiwa ni mmoja, na jina lililoandikwa ni la Asmahani.